Gauni Walilotaka Alivue

Vumbi la Agosti linapanda Okahandja, linaingia puani, linaingia chaini, linatanda juu ya mabati. Na wanawake wa Kiherero wanalipita polepole, polepole, kwa magauni yanayofagia ardhi na vilemba vyenye pembe mbili kama za ng'ombe. Kesho ni msafara wa kwenda makaburini kwa wahenga. Leo Ueriuka, wifi yake Mbapeua, amekuja kulidai gauni jekundu la msafara alilolivaa.

"Kaka yetu umemwacha," anasema, hata kuketi hataki. "Na kitambaa alinunua yeye. Mwanamke asiye na mume anamvalia nani pembe? Vua!"

Mbapeua anayashika marinda ya gauni. Bila gauni, kesho atasimama kando ya barabara kama mgeni, wenzake wakienda kuwasalimu wafu ambao ni wake pia.

"Kitambaa chenu mtakipata," anasema. "Keti usubiri."

Akalivua, akashika mkasi. Akafumua mikono iliyofutuka, akafumua kifua, akafumua marinda, wekundu ukaanguka kipande baada ya kipande. Akakunja, akamkabidhi.

Kisha akafungua sanduku la mama yake. Ikatoka chiti ya bibi, aliyefua nguo za Wajerumani. Ikatoka bafta ya gunia la unga, ikatoka mahameli iliyoliwa na nondo, ikatoka satini ya harusi ya shangazi. Enyi mama mliofukuziwa jangwani na Wajerumani hao, mkarudi na vitambaa vya kuokota, mkavishona mkapendeza kuliko waliowafukuza! Jioni nzima Mbapeua alishona, kiraka kwa kiraka, na midomo imejaa pini.

Asubuhi, katikati ya wekundu wote ule, gauni la viraka likaingia msafarani, magagulo yakinong'ona, pembe juu.

"Toka kwenye mstari!" Ueriuka akapiga kelele. "Unatuaibisha na hilo tandiko la kitanda!"

Mbapeua akageuka polepole, maana kilemba hakitaki haraka.

"Kitambaa chenu nimewarudishia, wifi. Na hilo ulilovaa wewe, alilishona nani? Mikono hiyo alipachika nani? Nguo ni yako, uzi ni wangu. Nianze kufumua hapa hapa?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Ueriuka akajishika kiuno kwa mikono miwili, kana kwamba mkasi umeshafika.

Mbapeua akawapita mawifi wote, akaenda kuwasalimu wafu wake.