Kifaurongo na Moja Mwishoni

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, karani wa mapokezi katika kliniki alipata ujumbe kwamba barua pepe yake ya kazini ingefungwa saa tatu kamili asipoithibitisha. Wagonjwa kumi na wanne walikuwa kwenye benchi, na ukutani nyuma yake palikuwa na bango alilolibandika kwa mikono yake mwenyewe: USIMPE MTU NENO LAKO LA SIRI. Akaendelea kuligeuzia mgongo. Akabofya, akaandika.

Neno lake la siri lilikuwa Kifaurongo. Ni mama yake peke yake aliyemwita hivyo, maana utotoni, vyombo vichafu vikimngoja, alijilaza kimya akajifanya yuko usingizini. Mwishoni alikuwa ameongeza 1, kwa usalama.

Ukurasa ukasema amekosea. Akaandika tena, polepole, herufi moja moja, asije akamsumbua mwizi.

Saa tatu barua pepe ikafungwa kweli. Angalau mwizi alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Na lile jina likamtoka karani kichwani, safi kabisa, kama jino lililong'olewa.

"Ulibofya?" fundi wa kompyuta akamuuliza.

"Sikubofya. Niligusa tu."

"Aa, kumbe. Basi kompyuta imejiibia yenyewe."

Ili afunguliwe, alipaswa kujibu swali alilojiwekea zamani: mama yako alikuitaje utotoni? Akampigia mama yake simu, mara ya kwanza baada ya miezi saba.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama. Mwanao. Ulikuwa ukiniitaje nilipokuwa mdogo?"

"Mwanangu ameshapiga leo, bibiye. Sauti imekuwa nzito kidogo, nikamwambia anywe maji ya moto."

Jumamosi akaenda mwenyewe. Jikoni kwa mama yake alimkuta mwanamume mwenye masharubu akisugua masufuria, povu limempanda mpaka viwikoni.

"Kifaurongo," mama akaita, "mtolee mgeni kiti."

Jina likamwingia karani sikio hili likatokea lile. Halikuwa na pa kukaa tena.

"Wewe ndiye uliyeniibia," akamwambia yule mwanamume.

"Dada yangu, mwizi huvunja mlango. Wewe ulinifungulia, tena ukanikaribisha mara mbili. Chai utaweka sukari?"

"Mama, huyu si mwanao! Hebu yaone hayo masharubu!"

Mama akayatazama. "Nayaona. Lakini jina analo, na tangu Jumatatu hajakosa siku kunijulia hali. Wewe mwenzangu, mama yako ulimjulia hali lini?"

Karani akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, kisha akauficha mkono. Akanywa chai, akaaga. Mwanamume akamsindikiza mpaka barabarani, kwa adabu zote.

Jumatatu fundi akaliruka lile swali, akamfungulia barua pepe, akamtaka aweke neno jipya asiloweza kulisahau. Karani akachagua jina analomwita binti yake wa miaka sita anapomsuka nywele. Mwishoni akaongeza 2, maana sasa amejifunza.

Saa tano ujumbe ukaingia: *Mama anakusalimu. Thibitisha akaunti uione picha yake.*

Bango lilikuwa palepale ukutani, limepanguswa vumbi asubuhi hiyohiyo. Akabofya, akaandika. Ukurasa ukasema amekosea.

Akaandika tena, polepole.