Ng'ombe wa Jumapili

Mjukuu wa kwenye simu ana tabu zake. Huwezi kumpakata, huwezi kumfuta kamasi. Ana sauti tu, na sauti yenyewe huchoka upesi. Mzee Luhende wa Nkololo alilijua hilo tangu mwanawe Constantine alipohamishiwa Mtwara kikazi, akaenda na mkewe na binti yao Harieth. Kila Jumapili baada ya misa walipiga. "Shikamoo, babu." "Marahaba. Hujambo?" "Sijambo." Kisha kimya, na mtoto mdogo akichoka na kimya humrudishia baba yake simu, kazi imekwisha.

Kilichowaokoa ni ng'ombe. Mwaka walipokuja likizo, Luhende alimkabidhi Harieth mtamba mwekundu mbele ya ndugu, kama yeye alivyokabidhiwa na babu yake. Katika ukoo wao ng'ombe wa mjukuu hauzwi wala hachinjwi mpaka mwenyewe aulizwe, hata kama mwenyewe bado ananyonya. Harieth akamwita Sukari. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu, maana kwao ng'ombe huitwa kwa rangi yake, si kwa vitu vya dukani. Luhende hakujali. Tangu hapo Jumapili moja haikutosha. Sukari amekula nini? Bado anampiga bibi teke? Mwisho wa yote mtoto husema, "Nipe niongee naye," na mzee huenda zizini, akamsogezea Sukari simu mdomoni, akamfinya sikio kidogo mpaka alie. Kule Mtwara kicheko hulipuka, na mzee hubaki katikati ya samadi akitabasamu peke yake.

Kisha mvua zikagoma. Lambo la kijiji likabaki tope lililopasuka, na vumbi likamwachia Luhende kikohozi kisichosikia dawa. Wenye akili waliswaga ng'ombe wao mnadani wakiwa bado wana miguu. Luhende naye aliuza wake wote isipokuwa mmoja.

"Muuze na huyo," jirani yake Mayige akamwambia. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Si wangu."

"Basi muulize mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Jumapili ile alikusudia kweli kuuliza, na maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri. Lakini Harieth alianza yeye: amemchora Sukari shuleni, na mwalimu ameubandika mchoro ukutani. Mzee akasikia ulimi wake ukigeuka wenyewe. "Ananenepa," akasema. "Ukimwona utamkimbia." Nikuulize wewe mwenye wajukuu mbali, ungesema nini? Mimi simlaumu kwa uongo ule. Namlaumu kwa yaliyofuata, maana alimlisha ng'ombe mahindi ya mkewe.

Alianza na pumba, yakaja mashudu ya pamba kutoka Bariadi, na mashudu yalipomshinda bei akaingia ghalani. Milembe, mkewe, alimkuta anakoroga uji kwenye ndoo.

"Baba Kosta, sisi tutakula nini?"

"Siku chache tu. Mvua inakuja."

"Yaya, sikubali! Mvua imekupigia simu?" Milembe aliitazama ile ndoo kwa uchungu. "Mtoto hata sura yangu ameshaisahau, na ng'ombe wake anakunywa uji wangu."

Luhende aliongeza maji kidogo. Aliendelea kukoroga.

Haikusaidia. Sukari akawa hawezi kuinuka asubuhi. Luhende na Mayige walipitisha miti chini ya tumbo lake, wakamnyanyua, wakamshikilia mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Alhamisi moja miguu haikukumbuka. Walimchuna palepale zizini. Nyama ilikuwa kano na mifupa tu, mbwa wenyewe waliinunia. Milembe aliiosha ile ndoo ya uji, akaipindua juani ikauke.

Jumapili simu ikaita.

"Mwangaluka, babu!" Harieth alikuwa amefundishwa na baba yake salamu ya nyumbani.

"Mwangaluka, mjukuu wangu."

"Sukari hajambo?"

"Hajambo."

"Nipe niongee naye."

Luhende akatoka, akaenda zizini kwa mazoea. Zizi lilikuwa tupu, limebaki na harufu. Alisimama pale alipozoea kusimama, akatazama huku na huku kama mwizi, akazungushia mdomo wake kiganja. Kisha mzee mzima, mwenye heshima zake, aliyepata kuwa mwenyekiti wa kitongoji, akalia kama ng'ombe.

Njia ya mwongo ni fupi. Mlio ulifika katikati, kikohozi kikaukata.

Kule Mtwara kicheko hakikulipuka.

"Babu," sauti ndogo ikasema. "Huyo ni wewe."

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na yalipokwisha kupata njia hayakutaka kurudi. "Amekufa," akasema. "Alikufa Alhamisi. Nilimpa uji, mjukuu wangu. Nilimpa kila kitu."

Akangoja kilio. Kilio alikuwa amejiandaa nacho, kina maneno yake: pole, nyamaza, nitakupa mwingine, ingawa mwingine hakuwepo. Harieth hakulia. Alifikiri kidogo, kama watoto wanavyofikiri, bila hila na bila huruma.

"Sasa Jumapili tutaongea nini?"

Luhende akafungua mdomo. Alitaka kumuuliza jina la rafiki yake, au chakula anachokipenda, au kama analala peke yake kule na kama anaogopa giza. Akaona aibu, maana hayo yote angepaswa kuwa anayajua. Muda wote huo walikuwa wameulizana habari za ng'ombe.

"Baba?" Sasa ilikuwa sauti ya Constantine. "Mtoto amenirudishia simu. Vipi, mvua huko?"

"Bado," Luhende akajibu.