Mjumbe wa Milango ya Choo

Usiku wa jana niliota niko kwenye kikao cha kamati ya shule, na kikao chenyewe kinafanyika ndani ya sufuria ya uji.

Ilikuwa ile sufuria kubwa ya kupikia watoto uji shuleni. Wajumbe wote tumekaa chini kabisa, tumeegemea ukingo kwa heshima, na uji wa vuguvugu unatufika kiunoni. Hakuna aliyelalamika. Katika miaka yangu ya ujumbe nimekaa vikao vibaya kuliko hicho.

"Ajenda ni moja tu," anasema Mwalimu Kajula. Huyo ndiye mwalimu mkuu wetu, mtu mpole, husema na wazazi kama vile wote ni wagonjwa. "Kanuni inataka mjumbe wa wazazi awe na mtoto katika shule hii. Naomba kila mjumbe aweke mtoto wake mezani."

Meza inapanda kutoka kwenye uji. Baba Ambwene, mwenye bucha, anafungua koti na kuwatoa wanawe watatu, mmoja bado anatafuna muwa. Anawapanga kwa urefu. Mama mmoja wa kitongoji cha juu anamtoa wake kwenye pochi, amekunjwa vizuri, anamkung'uta kidogo ili anyooke. Mwalimu Kajula anawatikisia kichwa wote.

Nami nafungua kikapu changu. Mna sweta la kijani la Bupe, basi. Naliweka mezani.

"Mama Bupe," anasema Mwalimu, "hili ni sweta."

"Nilikuwa nahudhuria," sweta linamjibu. "Kila siku. Hata siku za ukungu."

"Hatukatai. Lakini wewe si mtoto."

"Najua," linasema sweta, na kukunja mikono yake lenyewe.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo si ndoto. Bupe wangu alifariki mwaka huu, akiwa darasa la tano, kwa homa iliyoanza kama mchezo. Hakuwa na mdogo wala mkubwa. Kamati walisubiri matanga yaanuliwe, wakaja nyumbani na sukari na unga, wakanikumbusha kwa upole hiyo kanuni, na kwamba Jumamosi wazazi watachagua mjumbe mwingine. Jumamosi ndiyo leo. Hakuna aliyenitendea ubaya. Ningepata hata mtu mmoja wa kumchukia, ningepumzika kidogo.

Na siasa sikuzitafuta. Choo cha wasichana hakikuwa na milango, kilikuwa na magunia, na huku kwetu Rungwe upepo hauombi ruhusa. Bupe alikuwa anabana mkojo mpaka nyumbani. Anaingia mbio, hata shikamoo hamna. Siku ya mkutano wa wazazi nikasimama, nikasema wasichana wanataka milango, tena yenye komeo kwa ndani, na kuta zifike juu. Baba Ambwene akacheka, akauliza choo kina haja gani ya komeo, kwani kuna nini cha kuiba? Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Milango ikapatikana, nikachaguliwa, nikachaguliwa tena, na watu wakaanza kuninong'oneza habari za udiwani. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshaanza kuupenda huo mnong'ono.

Basi, kwenye sufuria, namuuliza Mwalimu, "Kiti kikienda, na jina langu je? Nitaendelea kuitwa Mama Bupe?"

Mwalimu anafikiri. "Kwenye hilo kanuni iko kimya."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," anasema Baba Ambwene, kwa huruma kabisa. "Ila mzazi awe na mwana."

Nataka kumjibu, maana huyo mtu sijawahi kumwacha bila jibu. Badala yake nahisi aibu, kana kwamba nimemsahau mtoto mahali kwa uzembe, na watu wote wanajua ni wapi isipokuwa mimi.

"Mtoto yupo," inasema sauti nyuma yetu.

Tunageuka. Ni mlango wa choo cha wasichana, ule wa mwisho, umesimama wima kwenye uji.

"Ugonile, Mama Bupe," unanisalimia kwa Kinyakyusa, kwa adabu. "Yuko kwangu. Ameingia tangu asubuhi."

Sufuria haipo tena. Tuko nyuma ya madarasa, kwenye nyasi zenye umande, kamati nzima miguu imegandwa na uji. Mwalimu Kajula anapangusa miwani. Anasema kanuni haikutaja kwamba mtoto awe darasani, choo cha shule nacho ni shule. Atoke tu, aonekane, kiti kitabaki changu.

Nagonga.

"Kuna mtu!"

Ni yeye. Ni ile sauti yake ya kukereka kidogo, ya mtoto anayejua haki yake. Namshika Mwalimu mkono nisianguke.

"Bupe, ni mama."

"Mama, niko chooni."

"Najua, mwanangu. Toka mara moja tu wakuone, halafu utarudi."

"Bado, mama."

Nasukuma. Haufunguki. "Nifungulie," nauambia mlango.

"Siwezi. Ulisema mwenyewe mbele ya wazazi, anayefungua ni aliye ndani."

"Nilisema kwa ajili yake!"

"Ndiyo maana siwezi," unasema mlango, nao unasikitika, nauona.

Baba Ambwene anakuja na shoka lake la bucha, lile la kukatia mifupa. Hana ubaya. Machozi yamemjaa.

"Pigo moja tu, Mama Bupe. Utamwona mtoto, kiti kitabaki, na udiwani nitakupigia debe mimi mwenyewe."

Nalitazama lile shoka. Siongopi, mkono wangu ulikwenda. Nilitaka kumwona zaidi ya vile nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na kati yetu kulikuwa na ubao tu, tena ubao niliouchagua mimi.

"Mama," anasema Bupe ndani, safari hii kwa sauti ndogo. "Waambie wasifungue."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniambia wakati wa magunia, wenzake walipokuwa wakiyafunua.

Nikatandika kanga yangu kwenye umande, nikakaa, mgongo kwenye mlango. "Kiti mpeni mwingine," nikawaambia. "Mtoto yuko chooni. Ondokeni hapa, mnamtazama."

Wakaondoka mmoja mmoja, Baba Ambwene wa mwisho. Siasa zangu ziliishia hapo, na hakuna aliyepiga makofi.

"Nikungoje, Bupe?"

"Wewe nenda tu, mama. Nimefunga vizuri."

Nikalia mpaka nikaamka, na nilipoamka nikaendelea kulia palepale nilipoachia.

Kulikuwa kumekucha. Simu inaita. Ni Mwalimu Kajula.

"Mama Bupe, samahani kwa kukusumbua mapema. Wazazi wameanza kufika, nao wanataka kutumia vyoo. Sasa kuna mlango mmoja upande wa wasichana umekazwa komeo kwa ndani. Ule wa mwisho."

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani. Na wanafunzi wapo likizo tangu juzi, hakuna hata mmoja shuleni. Kuchungulia hatuwezi, kuta zinafika juu. Baba Ambwene anasema akalete shoka, apige mara moja tu. Nikaona nikuulize kwanza, kwa sababu milango hii uliisimamia wewe."

Nilikaa kitandani, nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Mmegonga?" nikamuuliza.

"Kwa kweli hapana," akasema. "Hatukuona haja."

"Basi wazazi watumie mingine, Mwalimu. Huo msiuguse. Msimsumbue."