Maziwa ya Kitanda cha Tisa

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, Wawira alifungua mashine ya kuotesha bakteria wa damu katika maabara ya hospitali moja ya Meru, ambayo haina haja ya kutajwa, akakagua chupa za damu moja moja. Chupa yenye bakteria huwasha taa ya manjano. Chupa ya Kirimi, fundi wa mawe aliyelazwa kitanda cha tisa, ilikuwa humo tangu Jumanne na haikuwa imewasha kitu. Wawira aliandika "bado" kwenye daftari, akavua glavu, akanawa mikono mara mbili, kisha akapanda wodini kunusa maziwa.

Kunusa maziwa hakukuwa kwenye barua yake ya kazi. Lakini katika wodi ile jamaa za wagonjwa walileta maziwa kwa chupa na thamosi, na maziwa yaliyokaa karibu na mgonjwa aliyetumia antibiotiki nyumbani kisha ikafichwa hayakuganda. Ilikuwa hivyo tu. Ya mama mmoja wa Timau, aliyeapa kwamba hajameza kitu, yalikaa dirishani tangu Februari hadi Pasaka, na mlinzi wa lango akayapikia chai kipindi chote hicho akisema yana malai mazuri. Hakuna aliyeitisha mkutano. Wauguzi waliomba tu chupa zifunikwe kwa sababu ya nzi.

Aliyegundua maana yake ni Wawira, na si ajabu. Kabla ya chuo alisimama miaka minne kwenye mizani ya kituo cha kupokea maziwa kwao Embu, akikataa maziwa ya ng'ombe waliodungwa dawa. Maziwa hayo hayagandi, na ndoo moja tu huharibu tangi zima. Pua aliyotoka nayo pale, jamani, serikali ingeilipia mshahara wake peke yake. Alijua pia kwamba damu haina tofauti kubwa. Dawa iliyomo kwenye damu huingia na damu hiyo kwenye chupa, ikawanyamazisha bakteria bila kuwamaliza. Mashine husubiri siku tano, haisikii mtu, inasema damu ni safi, na mwenye damu huko kitandani anaungua.

Maziwa ya kitanda cha tisa yalikuwa ya Jumatatu. Wawira aliyanusa, akayaonja kwa ncha ya kijiko. Yalikuwa matamu. Faili iliyoning'inia kitandani ilisema: "Hajatumia dawa yoyote."

Kirimi mwenyewe hakuweza kuulizwa. Msumari ulikuwa umemchoma mguuni kwenye jengo moja la Makutano wiki mbili nyuma, kidonda kikafunga, halafu homa ikaja. Sasa alikuwa akitetemeka na kuupima ukuta wa wodi kwa viganja, akiwaambia watu wasiojulikana kwamba umepinda na inabidi ubomolewe. Daktari alikuwa amesema kwamba kama kesho haijajulikana ni bakteria gani, atampa dawa ya kubahatisha. Kubahatisha kulikuwa kumezika wawili mwezi ule.

Wawira alishuka kwa Gitobu, mtunza stoo. Ndani ya kabati la Gitobu, chini ya kufuli, zilikuwa zimebaki chupa tatu za aina nyingine, zenye punje nyeusi ambazo huinyonya dawa kutoka kwenye damu ili bakteria wapate nafasi ya kukua. Hutolewa kwa mgonjwa ambaye faili yake inasema ametumia dawa, na si vinginevyo.

"Faili inasema hajatumia," alisema Gitobu.

"Maziwa yanasema ametumia."

Gitobu hakuwa mtu mbaya. Alipanda ngazi mwenyewe, akanusa, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Ni matamu kabisa. Mimi nakuamini, Wawira. Lakini maziwa hayawezi kutia sahihi. Mkaguzi akikuja nitamwonyesha nini? Thamosi?"

Mke wa Kirimi aliitwa Veronicah, mkulima wa majani chai na ng'ombe mmoja wa maziwa. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki tangu siku walipofika. Siku hiyo ya kwanza, pale mlangoni, mbele ya foleni nzima, Sista Wanjira, muuguzi wa wodi ile, alikuwa amemuuliza kama kuna dawa alizompa mgonjwa. Alimuuliza hivi: "Umempa dawa? Sema! Maana nyinyi watu mkishajitibu huko kwenu ndio mnatuletea maiti." Veronicah akasema hapana. Nani angesema ndiyo?

Wawira hakuja na faili. Alivuta kiti, akakaa kando yake, akafungua thamosi na kuitikisa kidogo kwa mzunguko, vile wanavyofanya kwenye mizani.

"Haya ni ya kwenu, mama?"

"Ni ya kwetu. Ya Karembo."

"Karembo amedungwa wiki hii?"

"Hapana, daktari. Alidungwa Machi, kiwele kilikuwa kimefura. Na nikamwaga maziwa siku zote saba. Hata mwenye mizani alinisifu."

"Ulifanya vizuri. Na huyu wa kitandani, amedungwa lini?"

"Jumamosi jioni," alisema Veronicah, kwa sauti ile ile. "Na Jumapili kabla ya kanisa. Ile ya manjano iliyobaki ya Karembo. Nilimpa kidogo tu, kipimo cha ndama."

Ndani ya thamosi kulisikika kitu kidogo, kama uji unapotulia sufuriani. Maziwa yaliganda yote kwa mara moja, mabonge juu, maji chini, na harufu ya uchachu ikafika kitanda cha kumi na mbili. Mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili aliomba kijiko. Wawira alifunika thamosi.

"Kwa chupa ya dawa wameandika inakaa mwilini siku ngapi?"

"Saba." Hapo ndipo Veronicah aliposikia alichokuwa amesema. Akashika mdomo. "Uuu! Daktari, nimemuua?"

"Hujamuua. Umenisaidia sana." Wawira aliichukua faili kitandani, akaandika maneno hayo yote. "Tia sahihi hapa."

Akatia sahihi, na Gitobu alipoiona faili mkononi mwa Wawira akafungua kabati hata kabla hajafika mwisho wa ngazi.

Damu ilitolewa mikono yote miwili ikajaza chupa mbili zenye punje. Ziliingia kwenye mashine saa nne asubuhi. Ijumaa saa tano, taa ya manjano iliwaka, ya pili ikafuata baada ya nusu saa. Wawira aliweka tone kwenye kioo, akalipaka rangi, akatazama kwenye hadubini: bakteria wa duara, wale wa vidonda, wameshikana kama kahawa iliyoiva kwenye tawi. Daktari akampa Kirimi dawa inayowafaa hao. Jumatatu homa ilikuwa imekwisha. Jumanne Kirimi alikula sahani ya mukimo, akautazama ukuta kwa muda mrefu, akasema umenyooka sawasawa, ila aliyeupiga plasta alikuwa mwizi.

Ripoti ya mwezi iliisifu mashine. Wawira aliisoma, akaiweka kwenye faili yake, akaendelea na kazi. Ni watu wachache wanaoweza hivyo. Hospitali nayo iliongeza safu mpya kwenye karatasi ya wodi, kati ya "Joto" na "Mkojo," iliyoandikwa "Maziwa."

Lakini siku ile ile ya mukimo Sista Wanjira alikuwa amefika kwenye ule ukurasa wenye sahihi. Hana roho mbaya Sista Wanjira. Ni mtu aliyefunika nyuso nyingi mno kwa shuka. Alisimama katikati ya wodi akausoma kwa sauti.

"Kipimo cha ndama! Jamani, njooni mwone mama anatibu bwana yake kama ng'ombe!"

Wengine walicheka. Veronicah aliangalia sakafu, na Kirimi akamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu harusi yao. Jamaa wote wa vitanda ishirini na vinne walisikia kila neno.

Tangu siku hiyo hakuna maziwa yaliyoganda katika wodi ile, kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Wawira aliendelea kuvuta kiti na kuuliza habari za ng'ombe, lakini watu walikuwa wameshaambiana, na wote walimjibu kwamba hawafugi, maziwa ni ya dukani. Kabatini imebaki chupa moja yenye punje. Gitobu ameagiza nyingine na ombi lake linasubiri sahihi.

Jumamosi moja jioni Wawira alifika nyumbani kwake Kaaga, miguu ikimuuma. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Mbeere akae naye kwa sababu ya kifua, na kwa kuwa anapenda ugali kwa maziwa yaliyoganda, Wawira alikuwa amemwekea kibuyu pembeni jikoni siku aliyofika. Alikifungua, akanusa. Aliyasubiri kidogo, akanusa tena.

Hakuvuta kiti. Alisema akiwa amesimama, mkoba ungali begani.

"Mama! Umemeza dawa gani tena?"

Mama yake aliweka mikono mapajani, akakaa wima.

"Sijameza kitu, daktari," alisema.

Wawira aliweka mkoba chini, akabandika sufuria, akapika chai na maziwa ya kibuyuni. Yalikuwa ya siku ya kumi na moja, na yalikuwa matamu.