Mzee Nathanaeli Anasubiri Shikamoo

Kusubiri salamu ni kazi, asikudanganye mtu. Mzee Nathanaeli wa Mpwapwa aliifanya kila jioni kwa miezi mitatu na ushee, mbele ya kompyuta, na kwa kiburi alichokuwa nacho angeweza kuifanya miaka mitatu.

Mambo yalianzia kwenye msiba wa mkewe, Tabu. Binti yao wa pekee, Anyesi, alitoka Bukoba anakofundisha, akazika, kisha akabaki na baba yake wiki tatu. Aliiona kompyuta ya mezani ya mzee imechoka, inachukua nusu saa kuwaka, akaiwekea mfumo mpya, wa Kiswahili kitupu, ili baba asipate kisingizio. Jioni aliyoimaliza kazi hiyo ndipo mdomo ulipomponyoka. "Mama alikuambia miezi mitatu kwamba tumbo linamuuma, baba. Ukamwambia anywe maji ya moto."

Ukweli unauma, jamani. Mzee alijua mtoto hakusema uongo, na ndiyo maana aliwaka vile. "Toka! Nyumba hii usiikanyage mpaka mimi mwenyewe nikuambie njoo. Na simu zako sipokei!"

Anyesi akaondoka alfajiri na basi la kwanza, bila kumwamkia. Hilo ndilo lililomkaa mzee kooni kuliko maneno yote ya jana yake. Mtoto aliyempa jina la mama yake mzazi, anatoka ndani ya nyumba bila shikamoo! Mezani aliacha karatasi yenye hatua saba kwa mwandiko wake wa kiualimu, na chini yake mstari mmoja: "Simu najua hutapokea, nitakuandikia humu. Salamu yangu ikifika, kiboksi kitatokea na kengele italia."

"Haya," mzee alisema peke yake. "Akisalimia nitaitikia, nitamwambia arudi. Lakini mkubwa hamwamkii mdogo."

Akaanza hatua. Ya kwanza, kuwasha. Ya pili, neno la siri, nalo lilikuwa jina la Tabu. Mzee aliliandika kwa kidole kimoja, akakaa kidogo kabla ya kuendelea. Ya tatu, kubadili picha ya nyuma, akaweka ng'ombe. Ya nne, kuchomeka modemu. Ya tano ilisema programu ya ujumbe itajifungua yenyewe na kujificha, asihangaike nayo. Mpaka hapo mzee alikuwa anajisikia kijana.

Balaa likaja kwenye hatua ya sita. Mashine ilianza kutoa viboksi vya kutaka mfumo uongezewe mapya: masasisho yapo tayari, kengele, masasisho yapo tayari, kengele. Mzee anaruka kitini akidhani ni Anyesi, kumbe masasisho! Karatasi ilisema abonyeze "Baadaye", basi. Lakini Nathanaeli alifundisha mambo ya mifugo miaka thelathini, hakuzoea kupigiwa kelele na mwanafunzi. Akaingia kwenye mipangilio, akapekuapekua, akakuta sehemu ya taarifa na kitufe kilichoandikwa "Usisumbue". Akakiwasha. Kimya kikatanda.

"Hapo sasa!" alisema, akacheka mara ya kwanza tangu azike mke. Karatasi akaisukumia chini ya Biblia. Hatua ya saba hakuisoma, aliona amehitimu.

Masikini, alidhani amenyamazisha masasisho tu.

Tangu siku hiyo, jioni ikifika, anaoga, anavaa shati la mikono mirefu na kulifunga vifungo vyote, anaketi mbele ya wale ng'ombe wake. Kengele hailii. Ili asimcheleweshe mtoto akisalimia, akawa anajifunza kuandika jibu kwenye ukurasa mtupu. Wiki ya kwanza aliandika "Mrahba". Ya pili, "Maarhaba". Kufikia mwezi wa pili alikuwa anaandika "Marahaba, mama. Njoo nyumbani" bila kutafuta herufi. Mama ndivyo alivyokuwa akimwita Anyesi tangu mdogo.

Lameck, jirani yake na mzee mwenzake wa kanisa, alimkuta hivyo siku moja. "Si umwandikie wewe, bwana? Kiburi si maungwana."

"Nimsalimie mtoto mimi? Wee! Ataanza yeye."

"Na asipoanza?"

Mzee akageukia kompyuta yake. Moyoni alikuwa anaumia. Alimkumbuka mwanawe mpaka chakula kikamshinda, ila asingelitamka hilo hata kwa fimbo.

Mwezi wa nne simu yake ililia, namba ngeni. Alikuwa Mwantum, mwenyeji wa Kolo, anayefundisha shule moja na Anyesi. Alisalimia, akaeleza yeye ni nani, kisha akasema. Anyesi alifariki akifanyiwa upasuaji wa tumbo.

Walimleta Mpwapwa, wakamzika pembeni ya mama yake. Mzee hakulia. Alikuwa anapokea pole kama anapokea mizigo ya mtu mwingine. Watu walipopungua alasiri ile, Mwantum, aliyeisindikiza maiti kutoka Bukoba, akamfuata alipokuwa ameketi.

"Baba, nisamehe nikikosea. Kwa nini hukumjibu?"

"Nimjibu nini? Hakunisalimia."

Mwantum akamtazama. "Baba, alikuwa akiandika mimi nimekaa pale pale. Daktari alitaka apasuliwe tangu mwezi wa pili, akawa anaahirisha. Alisema kwanza aje umwone, na haji mpaka umwambie."

Mzee alinyanyuka kwa shida, akaingia chumbani, akawasha kompyuta. Akaitoa karatasi chini ya Biblia. "Hatua ya saba: bonyeza saa hapo juu, utaona kila kilichokupita."

Akabonyeza.

Salamu zilishuka kama hazina mwisho. Ya kwanza ilikuwa ya siku ile ile aliyoondoka: "Shikamoo baba. Nisamehe kwa maneno ya jana. Sikukuamkia kwa sababu nilikuwa nalia." Iliyofuata: "Shikamoo baba. Mashine imekushinda?" Halafu: "Shikamoo baba. Mvua imenyesha huko?" Siku baada ya siku, hakuruka hata moja. "Shikamoo baba. Tumbo langu linauma kama la mama. Naogopa. Niambie tu nije." "Shikamoo baba. Bado nasubiri." Na ya mwisho: "Shikamoo baba. Wananipasua kesho. Hata kama hutaki kuitikia, mimi nimekuamkia."

Hapo ndipo Mzee Nathanaeli alipolia, kwa sauti, bila aibu, paji la uso likiwa juu ya meza. Kisha akajipangusa, akairudia ile ya kwanza, akaandika chini yake, herufi zote sahihi: "Marahaba, mama. Njoo nyumbani." Akatuma.

Sebuleni kengele ikalia. Mwantum alikuwa amekuja na vitu vya marehemu ndani ya mkoba, na simu ilikuwa humo, bado ina chaji. Mzee aliisikia vizuri. Akashuka kwenye salamu ya pili, akaandika vile vile, akatuma, kengele ikalia tena. Alipofika ya tano wanawake waliokuwa sebuleni walishaanza kulia upya, na Lameck alisimama mlangoni akimwambia basi, inatosha, lakini mzee alikuwa bado na salamu nyingi za kuitikia.