Jiko la Bi Zeyana Halina Choyo

Kabla hujamhukumu Bi Zeyana, jua kwanza kwamba mtaani kwetu Tabora kitu cha kuazima hurudi kisafi. Ukiazima sufuria yenye masizi, unairudisha inang'aa, hata kama sabuni yenyewe umeipangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Bi Zeyana aliujua udhaifu wetu huo vizuri kuliko sisi wenyewe.

Alikuwa na jiko la gesi la kuchomea nyama, la miguu ya kukunja, ambalo mhandisi mmoja wa kigeni alimwachia mumewe aliporudi kwao. Mtungi ulikwenda kujazwa Dar na kurudi kwa treni. Mtaani hapakuwa na la pili, naye alitamba nalo. Alichoma mishikaki mpaka wavu ukaganda mafuta, kisha akaja mlangoni na tabasamu: "Lichukue, jirani, mimi sina choyo." Tukalichukua, tukachoma vijikuku vyetu, tukasugua wavu kwa majivu na magunzi ya mahindi, tukazibua matundu ya bomba kwa sindano, tukarudisha. Kesho yake anachoma tena. Naona haya kusema tulichelewa kiasi gani kugundua kwamba hakuwahi kulisafisha hata mara moja.

Ndipo ikaja habari ya posa. Watu wa Kaliua walikuwa wanakuja kwa ajili ya binti yake, Thuraya, na Bi Zeyana aliapa watakula nyama ya jiko la gesi, wasije wakamdharau mwanawe. Jiko lilikuwa linanuka. Akampelekea Kherunisa, mke wa muuza vitambaa. Lakini sisi majirani tulikuwa tumeshakubaliana kutolisugua tena. Kherunisa akalirudisha vilevile, akasema kwa adabu zote kwamba mgeni wake hakufika, hivyo hakuligusa. Jirani mwingine, Marcelina, alisema amekosa nyama. Mimi nilisema nimefunga, na wala haukuwa mwezi wa Ramadhani.

Asubuhi ya posa Bi Zeyana akakaa uani na gunzi lake. Nilichungulia juu ya ua na, sitaki kusema uongo, nilifurahi sana. Alisugua mpaka bangili zikamtoka. Alipowasha, moto ukawaka upande mmoja tu, kwa sababu nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba. Alipoanza kulia nikamwonea huruma, nikampitishia sindano yangu kwenye upenyo wa ua.

Mama wa mchumba, Bi Khole, alikula akasifu, kisha akakiinamia kifuniko cha jiko na kujiona uso. Akasema nyumba yenye jiko safi namna ile haina haja ya kuchunguzwa. Mambo yakaisha palepale. Wakati wa kuaga akaliomba jiko, aende nalo Kaliua kwa shughuli yake ndogo. Nani atamnyima mkwe siku ya posa?

Lilirudi kwa treni, mikononi mwa mchumba mwenyewe, kikapu kikichuruzika mafuta. Bi Zeyana akafunua. Wavu hata haukuonekana kwa mafuta.

"Mama anasema ameliacha hivyo makusudi," kijana alisema, macho chini. "Hapendi kuharibu kazi ya mikono yako."

Sote tulikuwa karibu na ua, kila mmoja akijifanya anaanika nguo. Bi Zeyana alitutazama, akalitazama jiko, kisha akamwita binti yake.

"Thuraya, mwanangu," alisema akimpa gunzi, "jifunze kusugua. Mama mkwe wako ni mimi mtupu."