Soksi ya Mama Mkwe

"Humu ndani unawavua viatu watu wote," binti yangu alikuwa akimwambia mumewe, "hata yule fundi bomba ambaye miguu yake inanuka mpaka barabarani. Mama yangu tu ndiye humvui."

"Punguza sauti, Mama Pacha."

"Sipunguzi. Tazama hii."

Akamwinulia soksi yangu usoni. Ilikuwa nyeupe, nami niliivaa jana yake kwenye mashine ya kutembea. Kisiginoni palikuwa na doa la damu iliyokauka, pana kama kizibo cha chupa. Aliikuta asubuhi kwenye beseni la nguo, akanitoa mezani chai ikiwa nusu, akanileta kwenye chumba cha mazoezi cha mumewe kabla wateja hawajaanza kuingia.

Mimi nilikaa kwenye benchi la kunyanyulia vyuma, viatu mguuni. Sikuwa na maumivu yoyote. Hapo ndipo penye tatizo.

Mkwe wangu kazi anaijua. Wengi wanaomjia si vijana wanaotafuta vifua. Ni watu waliosukumwa na madaktari: presha, sukari, mgongo, magoti. Huwapima presha kwanza, huuliza habari za kifua na pumzi, huwapasha misuli moto, na uzito huuongeza kidogo kidogo mpaka mtu mwenyewe ashangae. Mwenye sukari huvua viatu na soksi kabla ya lolote. Mkwe wangu huchuchumaa mbele yake, akageuza nyayo kwenye mwanga, akachungulia katikati ya vidole. Sukari hufisha miguu. Mtu anaweza kukanyaga msumari akaendelea na safari zake. Kwa hiyo hamruki mtu yeyote.

Isipokuwa mimi. Kila nilipofika aligeukia dirishani na kuuliza, "Mama, miguu haijambo?" Nami, ambaye tumbo haliniruhusu kuinama mpaka kwenye nyayo, nilijibu, "Haijambo, baba." Yeye ana heshima, mimi nina heshima, tukaendelea na mazoezi.

"Ulitaka nifanyeje?" akauliza sasa. "Nimshike mama mkwe mguu, watu wanatazama?"

"Mguu, Baba Pacha. Sijasema kingine."

"Ndugu zako wangesema sina haya."

"Na tukimzika watasema nini?"

Dada yangu mkubwa alianza na kidonda kisiginoni, cha kandambili mpya. Wakakata chini ya goti, kisha juu ya goti, kisha wakaja kwenye mguu wa pili. Miezi yake ya mwisho aliimaliza kwenye kiti, uso mlangoni, na aliyekuwa akimwogesha ni huyu binti yangu. Ndiyo maana sauti yake haikupungua.

Mkwe wangu akajifuta uso kwa taulo iliyokuwa begani. "Nimekosa," akasema. "Kuna mama mmoja anafanya kazi kama yangu, upande wa pili wa mji. Nitampigia simu amchukue Mama. Atamwangalia vizuri, mwanamke kwa mwanamke."

"Umesikia, Mama? Unatupwa upande wa pili wa mji. Bora uache kabisa. Ukae nyumbani, upumzike."

Wakaanza upya, juu ya kichwa changu, kama watu wanaogombea pa kuweka kabati.

Niliwaacha kidogo, nikawaza. Tangu nianze hapa sukari imeshuka, na ngazi za hospitali nazipanda bila kujifanya nasoma matangazo ukutani ili nipumue. Kwa huyo mama wa upande wa pili wa mji ningeenda mara mbili, ya tatu ingenyesha mvua. Najijua. Na kukaa nyumbani kupumzika, kile kiti cha dada yangu bado kipo.

"Mmemaliza?" nikauliza.

Wakanigeukia.

"Kocha," nikaita. Ndivyo wateja wanavyomwita, mimi sikuwahi. "Njoo unifungue kamba za kiatu."

"Mama, mimi..."

"Mkwe abaki huko dirishani. Nimemwita Kocha."

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama pembeni. Akaja, akapiga magoti, akahangaika na fundo ambalo mtoto angelifungua. Soksi niliyovaa asubuhi hiyo nayo ilikuwa imegandia kwenye kidonda. Akailowesha maji ya chupa na kuivua taratibu. Kisha akakiweka kisigino changu kwenye kiganja chake na kukigeuza kwenye mwanga, na hapo haya ikamtoka. Akawa mtu aliye kazini.

"Kidonda kimeingia ndani," akasema. "Kingo zimekuwa nyeupe. Mama, fumba macho. Nina uzi hapa. Ukisikia nakugusa, sema."

Nikafumba. Nikasubiri. Nikasikia gari likipita nje, na binti yangu akivuta pumzi.

"Anza basi," nikasema.

"Nimeshamaliza, Mama. Kidole kwa kidole."

Nilipofumbua macho, binti yangu alikuwa ameupa ukuta uso.

"Mashine ya kutembea basi mpaka kipone," mkwe wangu akasema, akifunga kisigino kwa bandeji safi. "Mikono na tumbo tutafanya umekaa. Na huu mguu nitautazama mimi, kila ukija. Lakini kwanza hospitali, sasa hivi."

"Sasa hivi," nikasema.

Fundi bomba akatokea mlangoni na mfuko wake. "Kocha, leo vipi?"

"Leo nimefunga. Nampeleka mama mkwe wangu hospitali. Tushikie mlango."

Mkwe wangu akanipa bega. Nikaliegemea kwa uzito wangu wote, mguu mmoja bila kiatu, tukatoka barabarani saa ya watu kwenda kazini.